Mchanga mweusi wa Mambrui: mwongozo kamili wa mapumziko ya pwani kwa anayetaka utulivu

Watu wengi wakiskia neno pwani, akili inaenda moja kwa moja kwa mchanga mweupe pe, wa Diani, wa Watamu, wa Nungwi, na maji ya bluu kama picha ya kalenda. Mimi nataka niwapeleke pwani ya aina nyingine kabisa, kaskazini ya Malindi, kuanzia mdomo wa mto Sabaki kupita Mambrui na kuendelea juu, ambako mchanga ni wa hudhurungi iliyokoza, sehemu zingine mweusi kama masizi ya sufuria, alafu jua likiupiga unametameta utasema kuna mtu kapita akimwaga vumbi la dhahabu. Wageni wengi wakifika pale wanaangalia mara moja tu, wanasema bichi hii chafu, wanageuza gari kurudi Malindi. Si chafu hata kidogo, ndo ilivyoumbwa. Na kwa vile wao wanageuza gari, wewe ukienda utatembea saa nzima bila kukutana na mtu ila mvuvi na jarife lake na watoto wanaotoka chuoni, yaani madrasa.

Nshaenda mara nyingi, peke yangu na familia pia, na nimeona watu wakiharibikiwa na safari kwa vitu vidogo ambavyo wangeambiwa mapema vingekuwa sawa. Kwa hivo naandika yote hapa, soma polepole.

Kwanza ujue huo mchanga umetoka wapi

Usiruke hapa ukidhani ni somo la jiografia, manake kila kitu cha safari kinafuata hili: rangi ya maji, ukali wa mawimbi, joto la chini ya miguu, hata samaki utakaokula. Mchanga mweupe wa Diani ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani ni chokaa. Wa Mambrui umeletwa na mto. Mto Athi unaanzia bara huko karibu na Nairobi, unateremka Ukambani, ndani ya mbuga unakutana na mto Tsavo unabadilika jina unaitwa Galana, ukishafika kwetu pwani ni Sabaki, jumla kama kilomita 390, na njia yote hiyo unakwangua udongo na miamba ya kale unaibeba mpaka baharini. Ndani yake mna madini mazito meusi: ilmenaiti yenye titani, magnetaiti ambayo ni chuma, garneti, zirkoni. Alafu mna ulanga, vile vigamba vyembamba vinavyong'aa, ndo vimefanya watu waiite pwani ya dhahabu. Dhahabu hakuna. Ila titani ipo kweli, wachimbaji walishawahi kuipima Mambrui, ni jamii ile ile ya madini yaliyochimbwa Kwale mpaka mgodi ukafungwa 2024.

Sasa mbona mahali pengine mweusi tititi na hatua kumi mbele ni kahawia? Ni kazi ya wimbi. Umemuona mama akipepeta mchele kwa ungo, makapi yanaruka punje zinabaki? Wimbi linapanda kwa nguvu limebeba kila kitu, likirudi linarudi kinyonge, linaondoka na chembe nyepesi zile za rangi ya maziwa, chembe nzito nyeusi zinaachwa juu. Ndo maana weusi wenyewe uko sehemu ya juu ya ufuo, karibu na vilima vya mchanga, na unazidi baada ya siku za upepo mkali. Piga magoti hapo uchimbe kwa kiganja kina cha shibiri moja tu, utaona mistari, mweusi, kahawia, mweusi, mwembamba kama uzi, kila mstari ni siku bahari ilipochafuka.

Na ukienda na watoto, beba sumaku. Ile ya spika ya redio iliyokufa inatosha. Ifunge kwa kitambaa chepesi, ipitishe juu ya mchanga mkavu, ikitoka ina ndevu nyeusi zimesimama kama za mbuzi, ukifungua kitambaa zinaanguka zote. (Usiifunge kwa mfuko wa plastiki, Kenya mifuko hiyo ilipigwa marufuku 2017.) Mpwa wangu wa miaka saba alikaa na hiyo sumaku asubuhi nzima, akaita kila mvuvi aliyepita aje aone.

Hatua ya 1: chagua miezi, na usiangalie mvua ya pwani peke yake

Kwetu mwaka unaendeshwa na pepo mbili. Kaskazi inavuma Disemba mpaka Machi, joto kali, bahari imetulia kiasi, maji yanakuwa safi zaidi. Kusi inaanza Aprili hivi na kuendelea mpaka Septemba, hewa baridi kidogo, mawimbi makubwa. Katikati, Oktoba kuingia Novemba, kuna matlai, pepo zinabadilishana zamu na bahari inalala.

Kwa mtu anayetaka kuogelea na kupumzika, mimi ningesema mwisho wa Januari mpaka katikati ya Machi. Kwa mtu anayetaka kutembea, kusoma, kulala mchana na madirisha wazi bila kutoka jasho, Agosti na Septemba ndo zenyewe, na ufuo unakuwa wako kabisa. Aprili mpaka Juni achana nayo, masika inapiga, njia za ndani zinageuka tope, na mto unaleta magogo.

Hapa ndo wengi wanakosea: wanaangalia hali ya hewa ya Malindi, wanaona jua, wanakata tiketi. Lakini bahari ya Mambrui inategemea mvua ya Machakos na Nairobi. Ikinyesha huko, siku chache baadaye mto unashuka umejaa na bahari yetu inageuka chai ya maziwa, hata kama pwani hakujanyesha tone. Kwa hivo wiki ya kuondoka angalia habari za mvua za bara. Ukiskia mafuriko Athi River, sogeza safari ama ujue unaenda kutembea tu si kuogelea.

Na ukienda Ramadhani, jua kuwa mchana vibanda vya chakula vya mji vimefungwa na watu wamefunga, usile wala kunywa hadharani. Binafsi nazipenda siku hizo kuliko zote, mchana kimya kabisa, magharibi ikiadhiniwa mji mzima unanukia viazi na kaimati.

Hatua ya 2: panga siku zako kwa mwezi wa angani

Ufuo wa Mambrui umelala, hauna mteremko mkali, kwa hivo maji kujaa na kupwa yanabadilisha mahali pote. Bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapanda na kushuka sana, mita 3 na zaidi, yakipwa ufuo unakuwa mpana kama uwanja wa ndege, yakijaa yanafika mpaka miguuni mwa vilima huna pa kupita. Maji mafu, ile nusu mwezi, tofauti ni ndogo.

Ukiwa huna chati ya maji tumia kalenda ya kiislamu, ndo wanavyofanya wazee. Tarehe mosi na tarehe 15 na siku mbili tatu baadaye ni bamvua. Siku hizo pwani yetu maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kama saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata ongeza karibu dakika 50. Kwa hivo mtu anayetaka kutembea mbali asubuhi aje siku za bamvua, anayetaka kuogelea asubuhi aje maji mafu, maji yanakuwa yamejaa saa nne hivi na hayana fujo.

Nlimpeleka shangazi yangu mwaka mmoja, tukaondoka saa sita unusu siku ya bamvua tukatembea kuelekea kusini, tukakaa, tukapiga stori, kurudi saa tisa unusu njia haipo. Maji yameshafika kwenye mchanga laini wa vilima na yeye magoti yanamsumbua. Tulirudi kwa kupanda juu ya vilima, saa moja na nusu ya kazi ngumu kwa njia ambayo ilikuwa dakika 30. Tangu siku hiyo sheria yangu ni moja: matembezi marefu anza maji yakiwa bado yanapwa, na yakigeuka tu kuanza kujaa, na wewe geuka.

Hatua ya 3: kufika

Kutoka Nairobi, ndege mpaka Malindi ni kama saa moja. Kwa treni unashuka Mombasa, lakini stesheni iko Miritini nje ya mji, kwa hivo hesabu muda wa kuingia mjini kabla ya kushika matatu ya Malindi, hapo ni kama kilomita 120 kupitia Mtwapa, Kilifi na Gede. Mtu wa Dar au Tanga anapita Horohoro na Lungalunga, anavuka feri Likoni, alafu njia hiyo hiyo. Mimi nakushauri treni ya asubuhi usiunganishe siku hiyo hiyo mpaka Mambrui kama una watoto, lala Malindi.

Malindi kwenda Mambrui ni fupi, unashika njia ya Lamu, unavuka daraja la Sabaki (angalia chini ujue rangi ya mto, hiyo ndo rangi ya bahari utakayoikuta), matatu za Gongoni na Marereni zote zinapita. Mwambie kondakta mapema "nishushe njia panda ya Mambrui", ukishuka hapo bodaboda zipo za kukuingiza mjini. Ukija kwa tuktuk kutoka Malindi patana bei kabla hujapanda na pata namba ya simu ya dereva, kurudi usiku hutapata usafiri kirahisi.

Gari dogo usiliingize mchangani hata ukiambiwa na nani. Mchanga ule mkavu unameza tairi, na ukilikwamisha chini ya mstari wa maji bahari haikungoji. Tena si uharibifu wa gari peke yake, kasa wanataga ufuoni hapo.

Hatua ya 4: pa kulala

Kuna njia mbili. Ulale Malindi mjini, uwe unakuja asubuhi, rahisi, vyumba vya kila bei, benki na hospitali karibu. Ama ulale Mambrui kwenyewe au ufuo wa juu yake, ambako kuna nyumba za kukodi na hoteli ndogo za makuti zimetawanyika. Kwa utulivu chagua ya pili, angalau siku tatu, manake siku ya kwanza mwili bado una haraka ya mjini.

Kabla ya kutuma pesa uliza maswali haya kwa sauti, si kwa meseji: kutoka mlangoni mpaka majini ni hatua ngapi kwa miguu, maji ya bafuni ni ya chumvi au baridi, umeme ukikatika kuna nini, chandarua kipo, chakula kinapikwa hapo ama natafuta. Nshawahi kulipia nyumba niliyoambiwa bahari iko mbele, kufika usiku kumbe bahari iko mbele kweli, lakini mbele ya shamba la minazi na njia ya mchanga ya karibu kilomita 2, na tulikuwa na mtoto mgonjwa. Tangu hapo namwambia mwenye nyumba anipigie video akitembea kutoka mlangoni mpaka majini bila kukata. Akikataa nahama.

Hatua ya 5: cha kubeba

Mchanga mweusi unafyonza jua. Hili ukilisahau utajuta. Kuanzia saa tano mpaka saa tisa unusu sehemu kavu ya juu huwezi kuikanyaga peku, unaruka kama uko kwenye kaango. Kandambili hazitoshi, mchanga wa moto unaingia juu ya vidole, beba viatu vya kufunga vya mpira ama viatu vya kitambaa vyepesi. Wazee na watoto usiwaachie hapo mchana kabisa.

Leso mbili tatu za rangi nzito, za kukalia na kujifunika. Nyeupe iache nyumbani, mchanga huu una chuma na ulanga, unaacha rangi ya kutu na vimulimuli ambavyo havitoki kwa kufua mara moja. Kofia pana, mafuta ya kuzuia jua (uko nyuzi 3 tu kusini ya ikweta), miwani ya jua kwa ajili ya upepo vilevile, manake siku za kusi chembe zinaruka usawa wa uso. Maji ya kunywa mengi, ufuoni hakuna kibanda. Tochi, dawa ya mbu, na pesa taslimu ndogondogo, M-Pesa inafanya kazi ila kuna siku netiweki inapotea na mama wa mahamri hana chenji. Simu iweke kwenye mfuko unaofunga vizuri, tena kama ni simu yenye spika wazi usiilaze mchangani hata sekunde, ndani ya spika mna sumaku na wewe ushaona sumaku inavyofanya na mchanga huu.

Kuhusu picha: simu ikiona weusi inadhani ni giza, inang'arisha, unapata mchanga wa kijivu kama saruji. Gusa skrini pale palipo na mchanga alafu shusha mwanga kidogo kwa kidole. Wakati mzuri ni alfajiri, jua linatokea baharini, mchanga uliolowa unakuwa kioo.

Hatua ya 6: siku yenyewe inavyokwenda

Amka kabla jua halijatoka. Nenda ufuoni na kikombe cha kahawa chungu. Saa kumi na mbili hivi mchanga bado una baridi ya usiku, kaa wenye miguu mirefu wanakimbia kurudi mashimoni, na jua likichomoza tu vile vigamba vya ulanga vinaanza kuwaka kimoja kimoja, mbele yako tu, ukisogea vinasogea. Tembea wakati huo. Saa nne rudi kivulini. Mchana lala, soma, cheza bao. Saa kumi na moja toka tena.

Jioni ndo raha yenyewe ya mchanga mweusi ambayo mweupe haina. Umefyonza joto mchana kutwa na sasa jua limepoa, ukijilaza unakuwa kama godoro lenye moto wa mbali. Shangazi yangu huyo wa magoti tulimchimbia shimo dogo, tukamfunika miguu mpaka mapajani, mchanga mzito umemkaa vizuri, akanyamaza. Baada ya muda akasema, "Mwanangu, niacheni hapa hapa, futari nileteeni." Alikaa mpaka isha.

Bahari: hapa nisikilize vizuri

Malindi kwenda kaskazini mwamba wa matumbawe umekatika, manake matumbawe hayapendi maji ya mto yenye matope. Bila mwamba mawimbi yanafika ufuoni na nguvu zao zote, ndo maana wenye mbao za kuteleza wanakuja hapa kusi ikivuma. Kwa muogeleaji wa kawaida maana yake ni hii: ingia maji yakiwa yanajaa, usipite kifuani, usiingie peke yako, na kabla ya yote muulize mvuvi. Mkute amekaa anashona nyavu, "Shikamoo mzee," "Marahaba," alafu uliza, "Leo mkondo uko wapi?" Atakuonyesha kwa kidole. Mahali ambapo mawimbi hayavunjiki na maji yanaonekana yametulia kama njia nyeusi kuelekea nje, hapo ndo hatari, maji yanarudi baharini kwa mkondo. Ukishikwa usipigane nao kuja moja kwa moja nchi kavu, utachoka. Elea, inua mkono, ogelea kwa ubavu sambamba na ufuo mpaka uskie umeachiwa, ndo uje. Waokoaji hakuna, hii si bichi ya hoteli kubwa.

Maji yakiwa ya kahawia usiogelee. Na mdomo wa Sabaki wenyewe, usiogelee kabisa hata maji yawe safi vipi. Kuna viboko na kuna mamba, wote wawili.

Kwenda mdomo wa Sabaki

Ila kuangalia, nenda. Ni moja ya sehemu bora za ndege pwani yote ya Kenya, heroe wanasimama kwenye maji ya kina kifupi wamepanga safu, membe wanajaa kwenye ulimi wa mchanga, na kuanzia Septemba mpaka Aprili kuna ndege waliohama baridi ya Ulaya na Asia. Chukua kijana wa kijiji akuongoze, mlipe vizuri, anajua viboko wamelala wapi leo. Magharibi viboko wanapanda kula nyasi na alfajiri wanarudi majini, kwa hivo nenda jua likishatoka vizuri, na usikae kati ya kiboko na maji, huo ndo wakati anaua. Ndege wakiruka wote kwa sababu yako umekaribia sana, rudi nyuma.

Simama pale mto unapoingia baharini uone mstari, upande huu kahawia, upande ule kijani, vinasukumana. Huo mkondo wa kahawia ndo mchanga uliokuwa umelalia jana. Na si mchanga tu, matope hayo ya Sabaki na Tana ndo yanalisha kamba wa ghuba ya Ungwana, wale kamba wanaouzwa mpaka Mombasa.

Mji wa Mambrui na adabu zake

Mambrui ni mji wa kale wa waswahili, si kijiji cha wageni. Kuna kaburi la mnara lililopambwa kwa mabakuli ya kichina, na 2010 wachimbuaji wa Kenya na China walipata karibu na hapo sarafu ya shaba ya enzi ya mfalme Yongle wa China, aliyetawala 1402 mpaka 1424. Ndo enzi hiyo hiyo, mwaka 1415, twiga wa Malindi alifika kwa huyo mfalme. Kwa hivo ukikaa mchangani ukiona jahazi, kumbuka ufuo huu ulikuwa na wageni kitambo sana.

Nguo za kuogelea ziishie ufuoni. Ukiingia mjini mwanamke ajifunge leso na afunike mabega, mwanaume avae shati na suruali ama kikoi kinachopita magoti. Salimia kila mtu, ukipita kimya utaonekana una neno. Pombe usizunguke nayo. Picha za watu omba kwanza, na ijumaa mchana kila kitu kinasimama kwa swala. Ukifuata haya siku ya pili unaitwa kwa jina, siku ya tatu unaletewa sahani.

Chakula

Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, si kingine. Samaki nunua ufuoni ngalawa zikiingia, changu, tewa, kolekole, nguru ukibahatika, angalia jicho liwe limejaa na shavu liwe jekundu, alafu mpe mama wa nyumbani kwako akutengenezee wa kupaka kwa wali wa nazi. Kamba waulizie, wa huku watamu sana. Dafu kila jioni. Kila nyumba inakataza kula mchangani na upepo wa kusi, na wana haki, mchanga huu ni mzito, chembe moja ikiingia mdomoni unaisikia jinoni mpaka usiku.

Ukichoka kukaa

Siku moja nenda Marafa, bonde la Nyari, ukuta wa udongo umechongwa na mvua, mweupe, waridi, mwekundu, ufike saa kumi na moja jua likiwa pembeni. Wagiriama wana hadithi yake, kwamba walikaa hapo matajiri waliokuwa wakioga maziwa mpaka ardhi ikawameza, mwombe mwongozaji wa hapo akusimulie mwenyewe. Siku nyingine nenda hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa 1968, huko ndo kuna matumbawe na samaki wa rangi, kwa hivo miwani ya kuzamia itumie huko, Mambrui hutaona kitu.

Kasa

Usiku ukitembea ufuoni zima tochi ukiona alama kama ya tairi inayopanda kutoka majini. Ni kasa amekuja kutaga. Kaa mbali, usimmulike, usichimbe. Joto la mchanga ndo linaamua mayai yatoke majike au madume, mchanga wa moto zaidi unatoa majike, kwa hivo hata kivuli cha hema lako juu ya kiota kina maana. Mchanga nao usiubebe nyumbani kwenye chupa, uache pale.

Kwa aliyeonja akataka zaidi

Kuna weusi mwingine ambao si wa mto, ni wa volkeno, na wa karibu yetu uko kisiwa cha Ngazidja, Komoro. Huko mlima Karthala wenye mita 2,361 bado uko hai, ulilipuka 2005 na miaka iliyofuata, na sehemu kubwa ya mwambao ni mawe meusi ya lava. Ufuo wa Chomoni upande wa mashariki una mchanga mweusi wa volkeno na mweupe wa matumbawe umechanganyika. Ndege zinatoka Dar na Nairobi kwenda Moroni, beba yuro taslimu (moja ni karibu faranga 492 za huko), na kishingazidja na kiswahili ni ndugu, maneno mengi utayatambua. Adabu ya mavazi ni ile ile ya Mambrui.

Kabla ya kufunga begi

Siku ya mwisho usikung'ute mchanga ukiwa umelowa, utasugua ulanga uingie ndani ya kitambaa. Anika leso upande wa upepo mpaka ikauke kabisa, kung'uta nje, ndo ufue kwa maji baridi. Viatu gonganisha. Tundu la chaja la simu pulizia, usichokonoe na sindano. Masikio ya watoto pangusa na kitambaa chenye mafuta ya nazi, mchanga unashika kwenye mafuta unatoka wenyewe. Alafu mpigie dereva wa tuktuk usiku wa kuamkia safari, si asubuhi yenyewe, manake asubuhi anapeleka watoto shule.